Neno Ambalo Isarn Hakulitamka

Marehemu Isarn, ambaye Mungu amempumzisha wiki mbili baada ya Pasaka, alikuwa mtengeneza matandiko ya farasi, na wengi waliomzika walimjua kwa kazi hiyo tu. Lakini alipokuwa na miaka ishirini na tisa alisimama katika uwanja ulio chini ya ngome ya Ardenc, akiutafuta ushujaa wa farasi, cheo anachopewa ashindaye pambano la mikuki juu ya farasi, kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza aliangushwa. Mara ya pili farasi aligoma. Kwetu hakuna mara ya nne.

 Asubuhi ile dada yake Alazais alimpa mkate wa shayiri, naye akaurudisha.

"Kula, kaka. Hata anayekwenda kunyongwa hula."

"Ahsante kwa kunitia moyo."

Desturi ya Ardenc ni kwamba mpinzani wako ndiye anayekufunga kofia ya chuma. Unampa shingo yako, naye anaukaza ukanda chini ya kidevu, kisha anasema mbele ya Mungu na watu: "Nimekufunga." Neno hilo ni kiapo. Asiyelitamka kabla ya baragumu la tatu ameshindwa hata kabla ya kupanda.

Alipangiwa Gaucel, mtoto wa msimamizi wa mashamba ya ngome, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mdomo usiopumzika. Gaucel alimfunga upesi, akalitamka neno kwa sauti ya mnadi. Kisha akapiga goti na kuinua kidevu.

"Taratibu, babu. Usininyonge kabla ya wakati."

Watu wakacheka.  Isarn aliupitisha ukanda, akautia tunduni ulimi wa bizimu, kile chuma cha kuufungia, akavuta. Akaona kama umecheza. Akavuta tena, ukashika. Akavuta mara ya tatu, kitu kikateleza, asijue ni chuma au ni kidole chake chenye jasho.

Baragumu la kwanza likalia.

"Gaucel, bizimu yako kama inalegea. Omba nyingine."

"Hii ni ya baba, imepita vita viwili. Sema neno tupande."

"Basi ijaribu mwenyewe."

"Nijifunge mwenyewe, niambiwe nimevunja mwiko? Wewe umezoea kurudi nyumbani mikono mitupu, mimi sijazoea."

Isarn akamgeukia mwamuzi. "Mzee wangu, naomba uishike tu."

"Mfungaji ni wewe, mwanangu," mwamuzi akajibu. "Hapo mimi sina mkono."

Baragumu la pili. Utotoni Isarn alikuwa amemwona mtu aliyechomwa mkuki kofia ilipomvuka, na uso ule hakuwahi kuusahau. Alimtazama Alazais ukingoni mwa uwanja, akiwa amekumbatia joho jipya alilomshonea kwa ajili ya siku hiyo, midomo ikicheza kwa sala. Lilikuwa neno moja tu. Akafungua kinywa.

"Nime..."

Akakifunga. Baragumu la tatu likalia.

"Mwaka jana farasi aligoma," mtu akapaza sauti, "mwaka huu kagoma mpandaji!"

Gaucel ndiye aliyelia. Ushindi usio na vumbi la pambano haumpi mtu ushujaa. Naye angengoja mwaka mzima. Aliivua kofia kwa hasira, akaibamiza chini, na farasi wake mwenyewe akaikanyaga bizimu ikapondeka.

"Umeniibia siku yangu, mwoga wewe!"

 Isarn alivua mkanda mweupe wa uanafunzi, akaurudisha kwa mwamuzi, akashika njia ya nyumbani. Alazais alimfikia darajani.

"Niambie ukweli. Ilikuwa imelegea?"

"Sijui."

"Hujui? Miaka kumi na mitatu ya kulala zizini na kutukanwa na mabwana, umeitupa, na hujui?"

"Ningejua imekaza, ningesema. Ningejua imelegea, ningepiga kelele mpaka waibadilishe. Sikujua, Alazais. Ningeapaje?"

Mungu peke yake ndiye aliyeijua hali ya bizimu ile. Alazais aliketi kwenye jiwe la daraja, akajifunika uso kwa lile joho, akalia. Isarn akasimama kando yake, akiusogeza mkono karibu na bega lake na kuurudisha, asijue kama aombe msamaha, wala aombe kwa kosa gani.