Jumuiya Ilipopiga Hodi Kwangu

Mie mdomo ninao, wala silikatai hilo. Kwenye jumuiya yetu ya Tegeta, akina mama wakitaka kusali haraka wawahi sokoni, hawanipi mie neno, maana nikishaishika Biblia chai inapoa. Somo la mwisho nililofundisha kabla mambo hayajanikuta lilikuwa la yule baba wa kwenye Injili ya Marko, aliyempeleka mwanawe mgonjwa kwa Yesu akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Jamani, nilimsema yule baba. Nikawaambia imani haitiwi maji kama maziwa ya kupima. Ama unaamini, ama huamini. Yesu alimhurumia tu, nikasema, sisi tusimuige. Bibi mmoja wa Kipare, mkubwa kuliko sote pale, akauliza kwa upole kama yule mtoto alipona. Nikamjibu alipona, lakini hilo silo somo la leo. Watu wakacheka, nami nikajiona nimejibu.

Haukupita muda mume wangu akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda pembeni, mate yakawa yanamtoka mwenyewe hana habari. Maneno yake yakabaki machache, na hayo machache ayasukume kwanza. Hospitali wakampa dawa, wakanionyesha namna ya kumnyoosha viungo, wakaturuhusu. Nilimrudisha nyumbani giza limeshaingia, nikafunga geti. Majirani nikawaambia amekwenda kwao Njombe kuangalia shamba.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo tangu utoto. Lakini niliona haya. Wakijua, watakuja kuomba. Wakiomba naye asiinuke, watanitazama mie, mwalimu wao wa imani. Na kulikuwa na baya zaidi. Kila nilipopiga magoti kando ya kitanda chake, sikuwa na neno. Mie, mwenye maneno ya kupoza chai za watu! Nilikuwa natazama ule mguu uliolala, na moyoni nasema hauinuki huu.

Hapo ndipo yule baba wa Marko aliponirudia, nikamwelewa nikiwa sitaki. Yeye alimleta mgonjwa wake mbele ya kundi la watu, na mashaka yake akayasema wote wakisikia. Akayapeleka kwa Kristo yalivyo, machafu, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyapeleka. Ile ndiyo ilikuwa imani yake. Mie nilikuwa na mashaka yale yale, ila mgonjwa wangu nimemfungia ndani.

Naye mume wangu alikuwa anawataka watu. Kabla hajaugua alikuwa hakosi jumuiya, anakaa karibu na mlango na kuimba besi isiyokaa sawa. Kila Jumamosi alikuwa ananiuliza, "Jumuiya?" Nami namwambia wiki ijayo, ukipata nguvu. Alijua namdanganya, na hana mdomo wa kunigombeza.

Sasa kwetu sisi, mtu akipotea jumuiya hasubiriwi, anafuatwa. Jumamosi moja asubuhi nikasikia pambio linatokea kona ya duka. Nikajua wanakuja kwangu. Nikazima redio, nikafunga dirisha, nikaenda chumbani nikamwekea mume wangu kidole mdomoni anyamaze. Mume wangu wa ndoa, jamani, namnyamazisha kama mwizi mwenzangu.

Wakaimba getini mpaka pambio likaisha. Wakapiga hodi. Nikasimama nyuma ya mlango wa sebuleni, pumzi nimeibana. Wakapiga tena. Nikamsikia mwenyekiti wa jumuiya akisema labda na mama naye amesafiri, kisha viatu vikaanza kugeuka kwenye kokoto.

"Karibuni!"

Ilitoka chumbani, imepinda, nzito, lakini hakuna asiyeisikia.

Nilifungua geti bila kuinua uso. Hakuna aliyeniuliza habari za Njombe, na afadhali wangeniuliza. Yule bibi wa Kipare alinipita, akaingia moja kwa moja mpaka kitandani, akamfuta mume wangu mate kwa ncha ya kanga yake na kumwita mwanangu. Mume wangu akalia kwa furaha, kilio kikubwa cha mtoto. Mie nilikuwa mlangoni, natamani sakafu inimeze, maana kilio kile nilikuwa nimemnyima wiki zote zile.

Mwenyekiti akasema basi, tumwekee mgonjwa mikono. Wakasogea. Mume wangu akainua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akawazuia. Akahangaika na mdomo mpaka jasho likamtoka. Kisha akaninyooshea kidole.

"Huyu kwanza," akasema.

Chumba kizima kikanigeukia. Nikataka kusema mie si mgonjwa. Nikapiga magoti palepale kando ya kitanda, mbele ya watu niliowafundisha kuamini, na mikono yao ikaja kichwani mwangu, ukiwemo wa mume wangu.