Mche Uliotangulia

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kaole, nazi za mbegu zililazwa nyuma ya bafu la makuti, pale maji ya kuogea yanapotokea. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyezichagua. Kila moja alinipa niitikise sikioni.

"Mke mwenzangu, ina maji hiyo?"

"Ina maji, Bibi."

"Basi ilaze ubavu. Usiisimamishe, haiendi popote."

Tulizifukia nusu, tukazifunika majani makavu, ikawa kungoja. Nazi haina haraka. Hulala miezi mpaka unadhani imekufa, halafu siku moja unakuta ncha ya kijani imetoboa makumbi.

Wakati huo Mama alikuwa mjamzito, na Bibi alikwisha kuweka kando mche mmoja ulionyooka kuliko yote. Huo ulikuwa wa mtoto. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka hufukiwa shimoni, na mche wa mnazi hupandwa juu yake, ukawa mnazi wake maisha yote. Wangu upo mpaka leo kando ya kisima. Lakini Bibi alikuwa na sharti: mche haupandwi kabla mtoto hajazaliwa. Ukitangulia ardhini, alisema, mtoto ataufuata huko huko.

Mwaka ule masika yalianza mtoto akiwa bado tumboni. Baba alikuwa mtu wa shamba, alijua mche ukichelewa mvua unateswa na jua. Tena alikuwa na furaha. Tangu nizaliwe mimi alikuwa akimngoja mtoto mwingine. Asubuhi moja akachukua jembe.

"Unafanya nini?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Nampandia mwanangu. Mvua haimsubiri mkunga, mama."

"Hujamwona hata uso, unampandia! Rudisha mche ulikoutoa."

"Mambo ya zamani hayo." Baba akacheka, akanigeukia mimi. "Haya, dada yake, shika hapa, usiuache ulale."

Nikaushika. Akashindilia udongo kwa nyayo zake huku akipiga mluzi. Sijapata kumsikia tena akipiga mluzi.

Mtoto alizaliwa hospitali mjini, wa kiume, bila pumzi. Baba alirudi naye amefungwa kwenye kanga ya Mama, wakaenda kumzika siku ile ile, Mama mwenyewe akiwa bado kitandani kule. Waliporudi kutoka makaburini, Bibi alikuwa ameketi mkekani. Alimtazama mwanawe akasema, "Nilikwambia."

Naamini lilimtoka kwa uchungu tu. Lakini nyumba ilijaa watu, na neno lile likatoka uani kwetu likaingia mtaani. Waliokuja siku zile walimlilia Mama. Baba walimpa mkono wakitazama pembeni.

Siku Mama aliyoruhusiwa, alimkuta Baba amesimama mbele ya mche, panga mkononi. Akajishikilia ukutani.

"Uache."

"Siwezi kuutazama."

"Uache, Baba Zuhura. Ukiukata umekubali kuwa ni wewe."

Akaliweka panga chini. Lakini alikuwa ameshakubali, hata mimi mtoto niliona. Akawa anazunguka nyuma ya jiko ili asiupite. Mama alimweleza walichosema wauguzi, kwamba kitovu kilimzonga mtoto shingoni, na kwamba hutokea kwa watoto wa watu wote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante kwa kunifariji," kama mtu anayekataa kikombe cha chai.

Baadaye alipata kazi ya kulinda shamba la mtu huko Zinga. Mwanzo alikuja kila Ijumaa. Kisha zikawa zinakuja salamu zake tu. Zinga si mbali, ukisimama barabarani unapata gari muda wowote, na hilo ndilo linaloniuma. Bibi alifariki akiuliza kama mwanawe amefika. Alifika mazishini.

Shule niliishia kidato cha pili, Mama alipoanza kuumwa na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumwangalia. Sasa naotesha miche ya minazi, na watu wanaojenga huja kununua. Masika haya alikuja kijana mmoja kutoka Dunda, anatabasamu peke yake.

"Dada, nipe mmoja mzuri. Mwanangu yuko njiani."

"Umeshamwona?"

"Nitamwonaje naye yumo tumboni?"

"Basi njoo akishazaliwa. Chagua, nitakuwekea."

"Kumbe na wewe wa mambo ya mabibi, kasichana kadogo hivi! Mvua si zitapita?"

"Zikipita nitaumwagilia mimi."

Akachagua, akaondoka akinicheka.

Siamini kwamba mche huweza kumvuta mtoto ardhini. Niliushika ule kwa mikono yangu, ulikuwa na majani mawili na mizizi kidogo, basi. Lakini nimeona jinsi mtu anavyoweza kufiwa, halafu akanyimwa hata haki ya kuwa mfiwa. Kwa hiyo nautunza mche wa yule kijana, nao unaendelea vizuri kivulini. Mwanawe akifika salama, atakuja kuuchukua. Asipofika, baba yake atalia, na watu watakaa naye.