Skrubu Niliyoilegeza kwa Mkono Wangu

Naanza na lile zito nisije nikakimbia katikati: ile skrubu niliilegeza mimi. Si mtikisiko wa bunduki, si joto, si uzembe wa fundi. Ni mimi, kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Jina langu sitalitaja, na ya wenzangu nimeyabadilisha. Sisi ambao wazee wetu walitoka Unguja tunajuana mno hapa Omani, mpaka nani kaoa kwa nani na nani hajaalikwa harusini. Aibu hii nataka muijue, lakini uso wangu niachieni.

Mimi ni mtu mzima, mtumishi wa serikali. Ofisi yangu iko Maskati ya zamani, nyumba yangu iko Al Khoudh. Ukiondoa kazi na familia, starehe yangu ni moja tu, kulenga shabaha. Kila Jumamosi asubuhi niko klabuni nje ya mji na bunduki yangu yenye kibali. Marehemu baba alinifundisha kulenga kwa vyuma viwili, cha nyuma chenye ufa na cha mbele chenye ncha. Unaipanga ncha katikati ya ufa, unaiweka chini ya shabaha, unashusha pumzi, unafyatua. Basi.

Vijana walipoanza kufunga vile vioo vyenye nukta nyekundu juu ya bunduki zao, niliwacheka sana. "Hiyo ni miwani ya bunduki," nikiwaambia. "Mwanamume analenga kwa chuma." Mdomo huu! Laiti ningeushona!

Maana haukupita muda, ncha ya mbele ikaanza kunifanyia ukungu. Nikiiona ncha, shabaha inapotea. Nikiiona shabaha, ncha inayeyuka. Risasi zikaanza kutawanyika kwenye karatasi yangu. Nikasema ni upepo. Nikasema ni risasi mbovu. Wiki nyingine nikasema sikulala vizuri. Kwamba macho yangu yamezeeka, hilo sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Aliyeniona na akanistahi ni Harith. Harith ni mume wa dada yangu Zuwena, na ndiye aliyekuwa fundi wa bunduki pale klabuni. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha yeye na watoto. Mtu mpole, mikono yake ikinukia mafuta ya bunduki hata siku ya Idi. Alinivuta pembeni.

"Shemegi, hebu jaribu kioo. Huna haja ya kupanga vyuma. Unatazama shabaha yako tu, macho yote mawili wazi. Nukta ilipo ndipo risasi itakapokwenda."

"Mie na miwani ya bunduki? Watanicheka."

"Wacheke, na weye unapiga katikati. Nnakufungia mwenyewe, usiwe na shaka."

Akanifungia mbele ya macho yangu. Alikaza skrubu moja moja kwa spana yenye kipimo, kisha akapiga mstari mwembamba wa rangi ya njano kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma. Skrubu ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, na kila mtu anaona. Alinieleza taratibu, na mimi nikitikisa kichwa kama mwanafunzi.

Jumamosi iliyofuata watu walikusanyika kumtazama mzee aliyekwisha kushindwa na chuma. Nikainua bunduki, nikatazama ndani ya kioo. Lahaula! Hapakuwa na nukta. Palikuwa na kitu chekundu kimetapakaa kama punje ya komamanga iliyopondwa kwa kidole, na mkia juu yake.

Nikafyatua. Nje. Nikafyatua tena. Nje. Ya tatu ikapiga fremu ya shabaha ya jirani yangu, vipande vya ubao vikaruka. Msimamizi akapaza sauti wote tusimame.

Hapo ilikuwa niseme tu, "Jamani, sioni." Maneno mawili! Badala yake nikapiga kelele:

"Kioo kibovu hiki! Harith kanifungia takataka! Ataua watu huyu!"

"Shemegi, punguza sauti," alisema Harith. "Tukakitazame pamoja."

"Sipunguzi! Nataka kamati ikae!"

Na kamati ikakubali kukaa. Risasi kuingia mstari wa mwenzako si mchezo. Sheria ya klabu ilikuwa wazi: kosa likiwa la mpigaji, anafungiwa asilenge tena. Likiwa la fundi, fundi anaondoka. Tukaambiwa tuje Alkhamisi alasiri, na bunduki yangu niilete vilevile ilivyo, bila mtu kuigusa.

Jumatatu nikataka kujitafutia ushahidi. Nikahakikisha bunduki haina risasi, nikawasha kioo, nikaweka simu nyuma yake nipige picha ya ule uchafu nioneshe dunia. Nikaitazama picha. Nukta ya duara! Ndogo, safi kama dengu. Nikapiga nyingine, na nyingine. Zote safi.

Nikaweka simu chini, nikatazama kwa jicho langu. Komamanga lile lile. Nikakigeuza kioo ubavu. Mkia wa nukta haukugeuka nacho. Nikainamisha kichwa changu mimi. Mkia ukainama nami. Mungu wangu! Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa usoni!

Nilijua. Naomba mnielewe hapa, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipozaliwa. Tangu Jumatatu ile nilijua kwamba Harith hana kosa lolote. Nilikuwa na siku tatu za kumpigia simu. Nambari yake iko juu kabisa kwenye simu yangu. Sikupiga.

Nilifikiria nini? Nilifikiria kicheko. Nilifikiria wale vijana wakisema yule mzee wa chuma kumbe kipofu. Nilifikiria kufungiwa mahali ambapo baba yangu alinipeleka nikiwa sijaota ndevu. Ya Harith sikuyafikiria kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Jumatano baada ya swala ya alasiri nikajifungia chumbani. Nikachukua spana ndogo ya pembe sita, nikaitia kwenye skrubu ya mbele. Nusu mzunguko tu. Mstari wa njano ukakatika. Mara mke wangu akagonga mlango.

"Bwana, chai inapoa."

"Nakuja. Nasafisha bunduki."

Nilikunywa ile chai bila sukari nisijue, na mke wangu akaniuliza kama nina homa.

Alkhamisi tukakaa, wajumbe watatu upande mmoja wa meza, mimi na Harith upande wa pili, bunduki katikati. Mwenyekiti akakigusa kioo kwa kidole. Kikacheza. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Harith, njoo uone mwenyewe."

Harith akatoa lenzi yake, akainama. Kwanza aliutazama ule mstari uliokatika. Kisha akasogeza lenzi akachungulia ndani ya tundu la skrubu, pale spana inapoingia. Akakaa hapo. Jamani, alikaa!

Jambo ambalo sikulijua, na yeye hakuwahi kunieleza, ni kwamba huwa anatia tone la rangi ile ile ndani ya tundu. Mtu akitia spana baadaye, rangi inakwanguka. Skrubu iliyolegea yenyewe haikwangui rangi.

Akainua kichwa akanitazama. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kama anayesubiri nimpokee mzigo.

Mwenyekiti akauliza, "Unasemaje?"

Nikashusha macho kwenye meza. Sasa anasema, nikawaza. Sasa hivi nimekwisha.

"Skrubu imelegea," alisema Harith. "Na kazi ya kukaza ilikuwa yangu."

Basi. Wakamshukuru kwa miaka yake, wakamtaka arudishe funguo za karakana.

Nikamkimbilia nje, alikuwa ameshafika kwenye gari lake.

"Shemegi..."

"Nimeona rangi ya ndani," alisema bila kugeuka. "Imekwanguliwa."

Nikauliza upuuzi: "Kwa nini hukusema?"

"Wanangu wanakwita mjomba. Ningekuvua nguo mbele ya wale?" Akafungua mlango wa gari. "Kaseme mwenyewe. Nnakupa muda."

Muda aliponipa, nilifanya nini? Niliula!

Ijumaa hiyo tulikula kwa mama kama kawaida yetu, sote. Habari zilikwishamfikia, zimevimba njiani: kwamba Harith kanifungia bunduki vibaya ili iniue. Mama akaweka kijiko chini, akamgeukia Harith mbele ya watoto.

"Harith baba, nilikupa mwanangu mmoja. Hakukutosha, ukataka kuniulia wa pili?"

"Nisamehe, mama," alisema Harith.

"Usimjibu mama kimkato hivyo," Zuwena akamwambia mumewe. "Kamwombe radhi na kaka."

Harith akanigeukia. Wallahi aliniomba radhi! Na mimi, tonge la pilau mkononi, nikamjibu, "Yamekwisha, shemegi." Nikalimeza lile tonge. Mpaka leo sijui lilishukaje.

Yakapita majuma, ikawa mwezi, ikawa miezi. Hakuna klabu iliyotaka fundi aliyeondolewa kwa skrubu. Harith akapata kazi ya ghala huko Sohar, anarudi mwisho wa wiki. Kila tulipokutana alinisalimu kwa adabu ile ile, na kila salamu ilikuwa inaniuliza: bado? Nikaanza kumkwepa. Nikisikia gari lake, natokea mlango wa nyuma.

Mwisho nikaenda kwa daktari wa macho, kwa siri, kama mwizi. Binti mmoja mpole alinipima kwa robo saa.

"Kioo cha mbele cha jicho lako si duara kamili, ammi. Kimekaa kama yai, ndiyo maana mwanga unatawanyika. Miwani tu, hakuna jengine."

Robo saa! Nilimwangusha mtu kwa jambo la robo saa! Siku nilipovaa ile miwani nikawasha kioo cha bunduki, na nukta ikasimama pale, ndogo, duara, nyekundu safi. Nikakaa kitandani nikalia mpaka mke wangu akaja mbio. Yeye ndiye wa kwanza kumwambia. Hakunibembeleza. Alisema, "Vaa viatu, nenda kwa Zuwena sasa hivi."

Zuwena alikuwa peke yake, anachambua mchele. Nilimweleza lote, la picha, la spana, la rangi ndani ya tundu. Aliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye rangi. Mikono ikasimama.

"Harith alijua?"

"Alijua tangu siku ile."

"Miezi yote hii nimemlaza sebuleni," alisema. "Nikimwambia, huingii chumbani kwangu mpaka ukiri kwamba ulitaka kumuua kaka yangu. Na yeye anajua! Anachukua mto wake, anakwenda zake, ananyamaza!"

"Dada, nisamehe..."

"Usiniite dada. Nyanyuka. Ukaseme kwa mama, kisha klabuni. Leo."

Nilikwenda. Mama alilia. Kamati ilinifungia, haki yangu kabisa, na bunduki nimeiuza. Harith aliandikiwa barua ya kumrudisha, akakataa. Aliniambia kwa simu, "Kwa upande wangu nimekusamehe, shemegi. Lakini pale siwezi kusimama tena, kila atakayenipa bunduki yake ataitazama skrubu mara mbili." Kisha akaniuliza macho yangu yanaendeleaje. Kanimaliza!

Zuwena hajanisamehe. Nikiingia kwa mama nikisema "Asalaam alaykum," ananijibu "Waalaykum salaam," maana kujibu salamu ni wajibu wa dini. Hana neno jengine na mimi. Anaondoka na kuniachia chumba.

Ndugu yangu unayesoma haya, sikukatazi chuma wala nukta. Lenga kwa unachotaka. Lakini kama kuna mtu amebeba kosa lako na amenyamaza, usijidanganye kwamba hakuona. Ameona, anakusitiri, anakusubiri. Inuka ukaseme leo, kabla watu wako hawajabakiwa na salamu tu ya kukujibu, nayo kwa kumwogopa Mungu.