Siku Programu Yangu Ilipowekewa Mpaka

Mwaka wangu wa kwanza katika kituo kimoja cha uzazi hapa Likasi, fundi wa kompyuta nilikuwa peke yangu. Majalada ya wagonjwa yalikaa kwenye seva moja. Humo niliweka programu inayoshika kwenye memori, ile kumbukumbu ya haraka ya mashine, nakala za majalada yanayoulizwa sana, ili yafunguke upesi. Sikuiwekea mpaka. Niliona ikishika mengi ndiyo vizuri, nikajisifu.

Asubuhi moja gari lilileta mama mjamzito kutoka Kambove, anavuja damu. Mkunga akataka kujua kundi lake la damu. Jalada halikufunguka. Diski ya seva ilikwaruza mfululizo, taa yake haizimiki. Mkunga hakungoja, alikimbilia maabara wapime upya. Nikabaki nimesimama mbele ya skrini.

Mama yule alipona, na mtoto wake pia. Mchana huohuo nilimwita mama mmoja, mwalimu aliyenifundisha kazi hii chuoni. Alifika, akavuta kiti, akatazama skrini kitambo kirefu.

"Mashine iko na giga munane za memori," alisema. "Weye uliachia programu yako ikamate ngapi?"

"Sikuweka mpaka, mama."

"Basi ilikamata karibu yote. Vitu vinakosa fasi ku memori, mashine inavitupa ku diski, inavirudisha, inavitupa tena. Njo ile makelele unasikia."

Akaandika mstari mmoja: giga tano, isizidi. Akaongeza wa pili: ikijaa, iachie jalada ambalo halijaulizwa siku nyingi.

Niliingiwa na hofu. "Yakiachiwa, si yatapotea?"

"Hapana, baba. Majalada yenyewe yako ku diski, yote. Hii inashika nakala tu. Achia mashine nayo fasi ya kupumua."

Akaiwasha programu upya. Diski ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilisikia feni, na nje, wanawake wakizungumza wakingoja zamu. Nikafungua jalada moja, likaja kabla sijainua kidole. La pili vilevile. Nikafungua mengine kumi bila sababu yoyote. Tulikuwa tumeinyima programu kidogo, nayo mashine ikanipa kila nilichoomba!

Mwalimu alichukua mkoba wake, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado, huku nikifungua jalada jingine.