Mafuta kwenye Jiwe la Wembe

Asubuhi ya siku ya saba Sijaona alifunua beseni, akaliona jiwe lake linang'aa kama kikaango cha chapati, akajua kuna mtu amelichezea. Jiwe la kunolea wembe halinang'ai. Likitoka majini linakuwa na rangi ya wingu la mvua, na ukilipitishia kidole halikwaruzi wala halitelezi. Hili lilikuwa linateleza. Akainama, akanusa. Mafuta ya gari.

"Nani ameshika hili jiwe?"

Wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu saumu uani wakatazamana. Ilikuwa nyumba ya mdogo wake, Shakuru, fundi wa magari hapo hapo mtaani Buyenzi. Assia, binti wa Shakuru, alikuwa amezaa mtoto wa kike, na siku hiyo mtoto anyolewe, apewe jina, mbuzi achinjwe. Sijaona alilala hapo ili awahi. Ndiyo maana jiwe lilikuwa kwenye beseni chini ya bomba, linakunywa maji usiku kucha.

Shakuru akatoka nyuma ya nyumba, kanzu nyeupe ameikunja kiunoni, kisu mkononi kimefungwa kitambaa.

"Ni mimi, dada. Nilinoa kisu ya mbuzi. Si tuliambiwa kisu iwe kali, munyama asiteseke? Nikaona jiwe iko tu mu maji, nikaitia mafuta ya moteri kidogo ipate nguvu. Sasa kisu inakata mpaka unywele."

Na alikuwa anajivuna. Alitaka asifiwe.

Sijaona alikuwa anatazama katikati ya jiwe, pale kisu kilipolima mfereji mrefu, wa kina cha ukucha.

Jiwe hilo baba yao, Massoudi kinyozi, alilitoa kwenye mto Ntahangwa baada ya mafuriko, akalisugua kwa mchanga juu ya sementi mwezi mzima mpaka likawa sawa kama meza. Miaka thelathini alinyolea watu barazani, na watoto wake wa kiume wote wakakimbilia gereji. Aliyebaki kumtazama mikono ni Sijaona. Yeye ndiye aliyefundishwa kwamba jiwe la wembe ni maji tu. Wembe wa kukunja unaulaza kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, unausukuma makali mbele kama unataka kulibandua jiwe ngozi. Ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, siyo kwa makali, unarudi. Lile tope la kijivu linalotoka huliondoi, ndilo linalofanya kazi. Mwishoni unasuuza, unapitisha mara kumi kwa maji safi, halafu kwenye ukanda wa ngozi. Na mkono usiwe na uzito. Mafuta yakiingia, wembe unapita juu juu, jiwe haliwezi tena kuushika.

Sasa Sijaona ana miaka hamsini na miwili, na watoto wa siku saba aliowanyoa, Buyenzi, Musaga, hata huko juu Kinanira, hawezi kuwataja wote. Lakini siku hizi wazazi wanampigia simu kwa wasiwasi. Hajati Yasmina, mama mkwe wa Assia, alisema mbele ya ukoo wote kwamba wembe wa kukunja ni ugonjwa. Wakabishana, wakakubaliana: Sijaona auchemshe Hajati akiona, anyoe. "Lakini nikiona tone moja ya damu," alisema Hajati, "wajukuu wangu wote watanyolewa na wembe ya paketi, na we shangazi utapumzika." Wanawake sita wa ukoo huo waliitikia kwa vichwa. Wembe wa paketi anaweza kuushika yeyote. Ukiingia nyumba zile, hakuna atakayemwita Sijaona tena, na alilijua hilo vizuri.

Na wembe ulikuwa butu. Ijumaa ulinyoa kichwa cha mtoto wa Musaga, na nywele za tumboni, zile mtoto anazozaliwa nazo, zinamaliza makali.

"We kila kitu kwako ni mafuta," alisema mwishowe. "Ulizaliwa na akili, ukaivua pamoja na ovaroli."

"Dada, si jiwe tu? Nitakununulia ingine, za dukani, za mraba, nzuri."

"Nyamaza. Leta sabuni."

Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu. Maji yaliendelea kukimbia juu ya jiwe kama shanga. Akajaribu wembe. Wembe ukikutana na jiwe vizuri unasikika, kama mtu anakunja karatasi chumba cha pili. Huu ulipita kimya. Akaujaribu kwenye nywele za mkono wake, nywele zikalala, zikainuka, zote zipo.

Saa tatu na nusu. Hajati anakuja saa nne.

Akaligeuza jiwe ubavu. Pembeni lina upana wa vidole viwili, na baba yao alipanyoosha hapo pia. Mafuta hayakufika. Lakini jiwe likisimama ubavu linayumba.

"Piga magoti. Shika hapa na hapa. Ukitikisika nitaanza na masikio yako."

"Na kanzu yangu, dada?"

"Ulipolipaka jiwe mafuta, hukuuliza."

Shakuru akapiga magoti. Sijaona akamwaga maji, akalaza wembe kimshazari, akasukuma. Wembe ukakwama. Alikuwa anakandamiza. Hasira yote ilikuwa imeshuka kwenye vidole, na wembe ukikandamizwa makali yanajikunja, bora usinoe kabisa. Akasimama, akapumua, akaanza tena. Ukakwama tena.

Ndipo akagundua kwamba akisema, mkono unakuwa mwepesi. Akaamua hasira itokee mdomoni.

"Mutu mukubwa," wembe ukaenda, "ana wajukuu," ukarudi, "anaona jiwe mu maji, haulizi ni ya nani. Jiwe ingekuwa mutoto, ungemutia mafuta ya moteri pia. Baba alikutuma jiwe ukiwa na miaka kumi, ukamuletea matofali."

"Hiyo ni kweli," alisema Shakuru, ameinamisha kichwa.

"Sikukuuliza."

Wembe ukaanza kusikika: karatasi inakunjwa chumba cha pili. Tope la kijivu likamtiririkia Shakuru magotini, na hivyo ndivyo Hajati Yasmina alivyowakuta: mwenye nyumba amepiga magoti, kanzu imechafuka, dada yake anamtukana kwa mpangilio mzuri kabisa.

"Kuna shida?" aliuliza Hajati, paketi ya nyembe mkononi.

"Apana, Hajati. Karibu. Maji ya kuchemsha iko jikoni," alisema Sijaona.

Wembe ulichemshwa Hajati amesimama juu yake, ukapitishwa kwenye ukanda. Assia alimshika mtoto mapajani, kichwa kimelowa maji ya uvuguvugu. Sijaona alianza kwenye utosi, pale panapodunda, kwa sababu ukiogopa utosi utaogopa kichwa kizima. Nywele zikatoka kama utando. Mtoto aliamka mara moja, akapiga chafya, akalala.

Hajati akachukua pamba nyeupe, akakipangusa kichwa chote, nyuma ya masikio, kwenye kikunjo cha shingo. Akaitazama pamba kwenye mwanga wa dirisha. Akapangusa tena. Kisha akafungua mkoba, akarudisha paketi yake ndani.

"Huda," alisema. "Jina lake ni Huda."

Nje, Shakuru alikuwa anacheka na wageni. "Si unaona, dada? Hakukuwa na shida yoyote."

Sijaona akamwekea jiwe mkononi, akaburuta gunia la mchanga uliobaki kwenye ujenzi wa choo, akamwonyesha sementi chini ya bomba.

"Sugua. Mpaka mufereji iishe."

"Na mbuzi? Mi ndiye nachinja."

"Atachinja mwingine."

Akachinja mwingine. Kisu kilipita mara moja tu, na wanaume wakasema haya ndiyo makali, aliyekinoa huyu anajua kazi. Sijaona aliwasikia, akamwongezea Shakuru mchanga.