Malimbuko ni ya Baba

Baba yangu alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapagazi pale bandarini Kalundu, Uvira, mtu wa sauti kubwa na tumbo bovu. Sauti iliwatawala wapagazi, tumbo likamtawala yeye. Muuguzi wa dispansere alikuwa amemkataza pilipili, na kumkataza mtu wa Uvira pilipili ni kumwambia ale kila siku kama aliye matangani. Kwetu ndagala, wale dagaa wa ziwani, hazipiti kooni bila pilipili iliyotwangwa na chumvi. Baba aliketi mbele ya sahani, akaitazama weee, akasema, "Hii chakula iko na usingizi." Kisha alimega kidogo na kunywa maji mengi.

Mama alimwona mumewe akipungua, na kila mwanamke wa Songo, mtaa wetu, aliyepita uani kwetu alimwona pia. Mume akikonda, anayesemwa ni mke. Mama alijua wanavyosema. Aliwajibu kwa kuimba kwa sauti akipepeta mchele, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" lakini mimi nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Puavro ya kwanza, ile pilipili hoho ya Wazungu, ilitoka duka la Mgiriki, mjini. Lile duka liliuza vitu vya Wazungu: jibini, siagi ya kopo, na mboga zilizoteremka kwa lori kutoka Bukavu. Baba alileta moja mchana mmoja, ya kijani, kubwa kama ngumi yake. Mama alirudi nyuma.

"Pilipili kidogo inakuchoma, hii yote si itakuua?"

Baba akacheka, akaiuma mbichi mbele yetu sote. Harufu ya pilipili ilikuwapo, moto haukuwapo. Mama aliipika na ndagala na nyanya, na baba akala kama mtu aliyerudi kutoka safari. Akaacha fungu letu, kama ilivyo desturi. Baba hula kwanza, peke yake, watoto wakingoja. Na baba mwenye haya hamalizi sahani. Mimi niliyapenda yale mabaki ya baba kuliko chakula chenyewe kilichobaki chunguni, sijui kwa nini, maana kilikuwa kilekile.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma hadi miguu ikavimba. Mgiriki akafunga duka, akavuka mpaka kwenda Usumbura. Watu waliongea juu ya bendera na mishahara, mama akawa anawaza puavro. Alikuwa ameziwahi chache za mwisho kabla mlango haujafungwa. Alikamua mbegu zake, akazifunga katika kitambaa na kukitundika juu ya mafiga, penye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Ndivyo mama yake alivyomfundisha: mbegu hukaa juu ya moto ili wadudu wasiiguse. Akazipanda, akamwagilia, akangoja. Haikuota hata moja. Moto ulikuwa umezipika.

Ilibaki puavro moja iliyosahauliwa kapuni, imejikunja na kuwa nyekundu. Nilitaka kuitupa, mama akanichapa mkono. Safari hii mbegu alizipaka ukutani, upande wa kivuli, kama tunavyofanya kwa nyanya. Zile, zilipopandwa, zikaota. Mama aliziatika nyuma ya jiko, kando ya kichaka chetu cha pilipili ya kawaida, akisema ndugu akae na ndugu yake ili asione ugeni. Mimi nilimcheka. Yeye hakucheka. Alizisemesha kila asubuhi kuliko alivyonisemesha mimi.

Zilizaa vizuri. Baba alinenepa kidogo, na wanawake wa Songo wakatafuta mwingine wa kumsema.

Kisha uasi ukatufikia. Waasi waliingia mjini wakiwa na majani vichwani, wakaiteka bandari pamoja na waliokuwa ndani yake. Walimwambia baba kwamba kapita anayeacha kazi ni adui. Kabla yao, serikali ilikuwa imemwambia maneno yaleyale. Baba akatutuma mama, mimi na mdogo wangu Makobola, kwa kaka ya mama, mjomba wangu aliyevua samaki huko, naye akabaki. Mama alifunga vitu vyetu upesi. Mbegu za puavro alizozikausha kutoka bustani ya Songo alizifunga katika pindo la kitenge, karibu na tumbo lake, kama wengine wanavyofunga pesa.

Makobola alizipanda kabla hata ya kutafuta mahali pa kuweka mkeka. Mjomba akamtania, "Dada, batu banakimbia na batoto, weye unakimbia na mboga!" Mama alimjibu kwamba mtoto atakula chochote, mume wake hawezi. Miche ikapanda juu. Matunda yalipotokea yalikuwa madogo, membamba, yenye ncha. Mama aliyageuzageuza, akalaumu mchanga wa ufukweni. Hakuna aliyeyaonja. Malimbuko ya shamba ni ya baba wa nyumba, na asipoonja baba hakuna wa kuonja. Yakaanza kuiva na kuwa mekundu, na mama akawa anatazama njia ya Uvira.

Baba alikuja mchana, kwa miguu. Sikumjua kwanza, shati lilimning'inia kama lililoanikwa. Alikuwa ameruhusiwa na waasi kuona wake zake, alisema kwa utani, yaani mama na mimi, kisha arudi bandarini kesho yake. Mama hakuuliza mengi. Alimchoma samaki mukeke mzima juu ya makaa, na puavro zote zilizoiva akazichoma nzima kandoni mwake, bila kuzikata, kwa sababu chakula cha heshima hakikatwi jikoni. Akarudi kwenye moto kusonga ugali mwingine. Mimi ndiye niliyebeba sahani na maji, nikakaa mlangoni kungoja fungu langu.

Baba alikata puavro ya kwanza, akaitia mdomoni. Jicho lake likanitazama, likatazama jiko, ambako mama alikuwa akiimba. Ilikuwa mara ya kwanza kuimba tangu tukimbie. Kisha baba akala. Alikula moja baada ya nyingine. Machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu, na jasho, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika tumbo.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Baba ya batoto, ziko namna gani?"

"Ziko tamu," baba akasema kwa sauti yake ile ya bandarini. "Ziko tamu sana, bibi yangu. Sijakulaka kitu ya vile."

Akamaliza zote. Akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, hakuacha hata kikonyo. Nilimkasirikia kwa hasira ya mwenye njaa. Nilidai langu, "Baba, na minye?" Akaniwekea mkono kichwani, akaniambia, "Leo uniachie, mama." Nilinuna hadi asubuhi, na asubuhi akaondoka.

Hatukumwona tena. Mmoja wa wapagazi wake alituambia alifika bandarini mgonjwa, anatapika. Mwingine alisema askari wa serikali walipoirudia bandari waliwapanga mstari wote waliokutwa. Kaburi hatukuonyeshwa, kwa hiyo kila mtu alikuwa na haki ya habari yake.

Lakini kabla ya habari hizo, wakati bado tunamtarajia, matunda mengine yaliiva, na malimbuko yalikuwa yamekwisha kuliwa. Mama akakata moja katika ndagala zetu. Tonge la kwanza tu, mdogo wangu akapiga kelele. Mama alionja, akatema, akaonja tena. Ilikuwa moto mtupu, kali kuliko pilipili ya ndege. Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba puavro na pilipili zikikaa pamoja nyuki huzioanisha, na ukali hutokea kwa watoto wao. Siku ile hatukujua kitu. Mama aliketi chini kwenye mchanga, akashika sahani mapajani.

"Alisema ziko tamu?" akaniuliza.

"Alisema."

Aliniuliza swali hilo tuliporudi Songo. Aliniuliza nilipoolewa, na nilipojifungua mtoto wa kwanza. Hakuwahi kuuliza ni nani aliyemuua mumewe, kwa sababu alikuwa amejijibu mwenyewe kwamba ni yeye. Mimi nilimwambia ni vita, nikapandisha sauti, nikagombana naye kabisa. Yeye aliendelea kupepeta mchele.

Uzeeni alisahau majina yetu, lakini hilo hakulisahau. Kitandani, wiki yake ya mwisho, alinishika kidole.

"Weye njo ulikuwa mlangoni. Alilia?"

"Ni moshi, mama," nikasema. "Makaa yalikuwa mabichi."

"Na alimaliza?"

"Alimaliza zote. Hata mimi hakuniachia."

Akatabasamu, akageukia ukuta.