Mshumaa Sakafuni

Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza "umejuaje?" hadi watu wa nyumbani wakachoka nami. Niliwauliza mapadri, wauguzi, hata mama yangu mezani. Kisha mama mdogo akafika kutoka Kalengera, akikimbia vita, mtoto mchanga mgongoni.

Nyumba yetu ya Katoyi, katika mji ulio kando ya ziwa, ilikuwa imekwisha kujaa ndugu. Watu walilala hadi chini ya meza. Akapewa kibanda cha mbao nyuma ya uwanja wetu, kwenye bonde dogo lililoachwa na lava. Mabonde ya namna hiyo tunayaogopa. Mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini, hutuama humo asubuhi zisizo na upepo, na aliyelala chini haamki. Tuliwapandishia kitanda, mama na mtoto, juu ya mawe. Kila alfajiri niliweka mshumaa unaowaka sakafuni. Ukizimika, toka.

Lakini mama mdogo alikuwa na nadhiri. Tangu anusurike njiani, alisali rozari asubuhi akiwa amepiga magoti, halafu akaweka paji la uso chini kwa muda mrefu.

Nilimsihi asali amesimama.

"Nisimame mbele ya Mungu kama polisi wa rond-point anayeongoza magari?" alisema, akacheka.

Nilimweleza tena uzito wa ile hewa, jinsi inavyoshuka kila mahali, siku zote.

"Na kesho itashuka vile vile?"

"Itashuka."

"Nani alikuambia, papa?" aliuliza, akiniita baba kwa upole.

Nilimjibu kwamba ni jana tu iliyoniambia. Jana ilikuwa hivyo, na juzi pia. Kwamba kesho itafanana na jana, jambo hilo sikuwahi kulipima, wala sijui lingepimwaje, maana kila kipimo changu kinaanza kwa kuliamini. Nilitaka kumwambia kwamba imani yangu si kama yake, maana yangu mimi, mshumaa unaweza kuikosoa. Lakini ndani ya kile kibanda kosa moja lingekuwa maiti.

"Basi wote tunaamini," alisema, bila kunicheka safari hii. "Unitafutie fasi ingine ya kulala, nitaamini yako."

Nilizunguka mtaa wote wa Ndosho. Nilibisha parokiani, kwa rafiki wa chuo, kwa fundi mwenye karakana. Kila mahali palikuwa pamejaa ndugu zao waliokimbia vita.

Asubuhi moja yenye ukungu, jani halitikisiki, mshumaa ulizimika kabla haujafika sakafuni. Nikawasha tena, ukazimika tena. Mama mdogo alikuwa ameinama, paji la uso chini. Nilimvuta kwa mabega, nikamnyakua mtoto, tukapanda hadi barabarani. Mama mdogo alikohoa, akatapika, akakaa kwenye jiwe. Mtoto alikuwa anapumua. Yeye alisema ni Mungu aliyenituma.

Kufika saa sita upepo wa ziwa ulivuma. Alishuka mwenyewe na mshumaa, ukawaka vizuri. Akarudi, akanyoosha mikono.

"Umulete. Anasinzia."

Mshumaa unawaka, kipimo changu mwenyewe kilikuwa upande wake, lakini kesho sikuiamini tena. Nilimkumbatia mtoto, nikakataa. Akaniomba, akanitukana, akalia. Majirani walisimama kutazama. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua kando ya barabara, mtoto kifuani, nikisema hapana, hapana, wala sikujua ninampeleka wapi.